Jina la Watu Wawili

Kifutio kilimaliza kazi kabla waziri hajakaa sawasawa kwenye kiti. Mhandisi Atupele alikuwa ameomba afutwe yeye mwenyewe, mbele ya kamera, ili wananchi waone kwamba Sheria ya Kusahauliwa haikuwa maneno matupu. Mtambo huo aliouunda ulipita katika kumbukumbu za benki, shule, maduka na hospitali zote za Dodoma, ukaondoa kila palipoandikwa jina lake. Hakuna binadamu aliyeweza kurudisha kilichofutwa, wala mtambo wenyewe. Hilo ndilo lililompa Atupele kiburi. Miaka nenda rudi kampuni zilikuwa zikichuuza habari za watu kama nyanya, na leo alikuwa amezikomesha.

Makofi yalikuwa hayajaisha simu ilipoita. Alikuwa Nesi Mbonea, wa kituo cha kusafishia damu.

"Dada, mama yako yuko hapa tangu asubuhi. Mashine inamkataa. Inasema haimjui."

Figo za mama yake zilishakufa. Asiposafishwa damu leo, kesho haikuwa na uhakika.

"Alisajiliwa kwa jina gani?"

"Jina lake la siku zote. Mama Atupele."

Ndani ya gari lisilo na dereva alijilaumu njia nzima. Wahandisi chungu nzima, wote wamelelewa na kina mama fulani, na hakuna aliyekumbuka kwamba huku kwetu mwanamke akishazaa, jina la mtoto ndilo linalokuwa lake: sokoni, kanisani, kwenye kikoba cha kuweka akiba, hata kwenye kadi ya hospitali. Wasomi wazima.

Alimkuta mama kando ya mashine, uso umevimba, anahema kwa shida.

"Msajili upya," Atupele alimwambia nesi.

"Nimejaribu. Kila nikiandika, linafutika."

Mashine iliuliza tena kwa sauti yake ya upole. "Mgonjwa, jina lako nani?"

"Mama Atupele."

"Jina hilo ni la mtu aliyeomba kusahauliwa. Taja jina lingine."

Mama alimgeukia binti yake. "Nani aliomba hivyo?"

Atupele alitamani ardhi ipasuke immeze. "Mimi, mama. Lakini sikukusudia wewe. Taja jina lako la usichana, mashine ifunguke. Haya mengine tutayarekebisha."

"Yatarekebishika?"

Atupele alijua hayarekebishiki, alikuwa amelihakikisha hilo kwa mkono wake.

Mama hakuwa ameitwa jina lile na mtu yeyote tangu alipojifungua, na waliowahi kumwita hivyo wote walikuwa wamezikwa Tukuyu.

"Tusekile," alisema hatimaye, kana kwamba anamtaja mtu mwingine.

Mashine ilifunguka. Nesi akaunganisha mirija, damu ikaanza kuzunguka. Atupele alishusha pumzi, akamshika mama mkono.

"Tusekile," mashine iliendelea, "una watoto?"

Mama aliutazama mkono ulioshika wake. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Atupele zaidi.

"Mwenyewe amekataza nisimtaje," alisema. "Andika sina."