Hilda na Fundi wa Valvu

Jumamosi ile duka la vifaa vya umeme pale Iringo, Musoma mjini, lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Spika mbili zilikuwa zinashindana, moja ikipiga kwaya na nyingine ikinadi feni, na wateja walikuwa wanaongea na muuzaji kwa ishara za mikono. Hilda alijipenyeza katikati yao na gauni lake la kitenge cha njano, boksi jeusi amelikumbatia kifuani. Tangu atoke Bunda asubuhi roho yake haikuwa imetulia. Alilitua boksi mezani.

"Kaka, nataka hedifoni nyingine. Hizi mbovu."

Kabla muuzaji hajajibu, mkono wenye alama za kuungua ulinyooka kutoka pembeni ukafungua lile boksi.

"Nani kakwambia ni mbovu?"

Alikuwa mwanaume mrefu, amevaa koti la bluu la ufundi juu ya shati jeupe lililopigwa pasi, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu.

"Masikio yangu ndiyo yameniambia," Hilda alisema. "Nimezinunua kwa mtu wa Mwanza, akaniapia hakuna kama hizi. Nikizichomeka kwenye simu, ni kama mtu anaimbia chumba cha pili."

Yule mwanaume alizigeuzageuza, akasoma maandishi madogo yaliyokuwa ndani ya mkanda, akatabasamu. "Dada, hizi ni za omu mia tatu. Simu yako haina nguvu ya kuzisukuma. Umemfunga ng'ombe mmoja kwenye plau ya ng'ombe wanne, halafu unailaumu plau."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo usizirudishe, utajuta. Zinataka ampi, mashine ya kukuza sauti. Tena ampi ya valvu."

"Valvu ya bomba la maji?"

Aliangua kicheko mpaka wateja wakageuka. "Vile vichupa vya kioo vinavyowaka ndani kama utambi. Redio za zamani zilikuwaga navyo. Naitwa Pastory. Karakana yangu iko mtaa wa nyuma. Njoo usikilize, ukiona nakudanganya nitakubebea boksi lako hadi stendi."

Hilda hakuwa mtu wa kufuata wanaume mitaa ya nyuma. Lakini alikuwa mwanamke pekee Bunda nzima aliyekuwa anachanganya sauti za kwaya kwa riziki, na neno "usikilize" lilikuwa na nguvu kwake kuliko aibu. Akamfuata.

Karakana ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha pana, kinanuka lehemu na mbao. Juu ya meza kulikuwa na kitu kama kisanduku cha mkate, na juu yake vichupa vinne vya kioo vilivyoanza kuwaka rangi ya chungwa mara Pastory alipobonyeza swichi.

"Subiri zipate moto," alisema. "Hizi hazipendi haraka."

"Mimi nina haraka."

"Nimeona. Hata mguu wako hautulii."

Hilda akausimamisha mguu, akaona haya. Alichomeka simu, akachagua kwaya ya Guta aliyoirekodi wiki iliyopita. Kwanza Pastory alimvalisha hedifoni zake mwenyewe, nyepesi, zenye kufunika sikio lote. Sauti zilikuwa kali, zimekaa mbele kama watu wanaogombania dirisha. Kisha akamvalisha zile za omu mia tatu, zenye matundu kwa nyuma.

Hilda alifumba macho. Waimbaji walirudi nyuma, kila mmoja mahali pake. Alimsikia mama mmoja wa sauti ya kwanza akivuta pumzi kabla ya kuanza ubeti, pumzi ambayo hakuwahi kujua kwamba aliirekodi. Akazivua taratibu.

"Ulikuwa umewaficha wapi hawa watu?" aliuliza.

"Walikuwa humo humo. Umewafungulia mlango tu."

Siku hiyo Hilda alirudi Bunda na ile ampi imefungwa kwenye blanketi. Pastory aliikataa hela. Alisema anamwazima, sharti ampigie simu kila akisikia kitu kipya.

Alipiga kila siku.

"Fundi, leo nimemsikia mpiga ngoma akikohoa."

"Mwambie anywe tangawizi. Na wewe umekula?"

"Nitakula nikimaliza."

"Unasemaga hivyo kila siku, mama. Mwisho utapeperushwa na upepo wa ziwa, nikutafute Ukerewe."

Ikawa kila Jumapili baada ya ibada mmoja anamfuata mwenzake. Walikula sato wa kukaanga Musoma ufukweni. Walibishana kama ngoma isikike puani au kifuani. Pastory alizaliwa kijiji cha wavuvi kule Majita, akajifunza ufundi kwa kufungua redio ambazo hakutumwa kuzifungua. Alipendaga kubadilisha valvu, kila wiki jozi mpya, na kila wiki alisema, "Bado kidogo, haijakaa sawa." Hilda aliona raha kumtazama akiinamisha kichwa kusikiliza, kama kuku aliyesikia kitu kwenye majani. Baada ya miezi mitatu alikuwa hamwiti tena fundi. Alikuwa anamwita mpenzi wangu.

Ndipo akamweleza habari za baba yake.

Mzee Isidori alikuwa anaishi Butiama, na kabla ya kuwa mkulima alikuwaga mpiga gitaa wa bendi moja ya dansi hapo Musoma. Sasa masikio yake yalikuwa yamekufa kiasi kwamba mtu alimsemesha kwa kupiga kelele. Vifaa vya kusikia alivyopewa vilimsaidia maneno machache, lakini muziki aliusikia kama bati linaloburutwa. Hilda alikuwa amepata kanda ya bendi ile kwa mjane wa mmoja wa wenzake mzee, akaisafisha sauti vizuri na kuiingiza kwenye simu. Alikuwa anaogopa kwamba hata yale masikio yaliyobaki yatazimika kabla mzee hajaisikia.

"Nitamtengenezea ampi yake," Pastory alisema, akamshika mkono. "Yenye nguvu, iliyotulia. Nitaipeleka mwenyewe, na siku hiyo nitamwambia baba kwamba nakutaka."

Hilda hakulala vizuri wiki ile kwa furaha.

Wakapanga Jumapili ya kwanza ya mwezi wa sita. Pastory akaisogeza: transfoma ilikuwa haijafika. Wakapanga nyingine. Akaisogeza: kuna kitu bado kidogo. Ya tatu akaapa. Mama yake Hilda alichinja jogoo, akapika ugali wa muhogo na mtama, akamvalisha mzee koti lake la kuendea harusi za watu. Hilda alivaa gauni jipya la bluu lenye mikono mipana, akawa anatoka barabarani na kurudi, anatoka na kurudi. Saa saba. Saa nane. Saa tisa simu ikalia.

"Hilda, mpenzi, nisamehe. Leo siwezi."

"Uko wapi?"

"Karakana. Nipe wiki moja tu."

"Pastory, baba amekaa sebuleni amevaa koti tangu asubuhi. Jua lote hili. Nimwambie nini?"

Alisikia swichi ikibonyezwa upande wa pili.

"Kama hunitaki sema hunitaki," Hilda alisema. "Usinifanye mimi jozi ya valvu, mara unachomeka, mara unachomoa, mara haijakaa sawa."

"Sio hivyo."

"Ni vipi basi?"

"Siwezi kueleza kwenye simu."

Hilda akakata simu. Ndani, baba yake alikuwa anauliza kwa sauti kubwa kama mgeni amekwama njiani, na mama yake alikuwa anafunika vyakula bila kujibu.

Wiki tatu zilizofuata Hilda hakukaa mahali. Studio alianza kazi mbili na hakumaliza hata moja. Aliizima simu, akaiwasha, akaizima tena. Alipoiwasha alikuta jina la Pastory limepiga mara sita, na hasira ikampanda upya: mtu wa kupiga mara sita anashindwaje kupanda gari mara moja? Brian, aliyefanya naye kazi, alimvumilia hadi siku aliposikia wimbo uleule ukirudiwa asubuhi nzima.

"Dada Hilda, unasafisha nini hapo? Umeshaisafisha hadi imebaki mifupa."

Hilda akavua hedifoni, akazitia mkobani. Akaifunga ile ampi ya kuazima kwenye blanketi lake lilelile. "Naenda Musoma kurudisha mali ya watu," alisema.

Njiani alipanga maneno. Angeiweka ampi mlangoni, angesema asante, angeondoka. Lakini mlango wa karakana ulikuwa wazi, na alichokiona kiliyavuruga maneno yote. Pastory alikuwa amekaa sakafuni, ndevu zimemwota, na mbele yake ampi mpya ya mbao ya mkola iliyong'arishwa imefunuliwa tumbo, nyaya zimetapakaa. Alimtazama Hilda bila kusimama.

"Inavuma," alisema.

"Nini?"

"Ampi ya baba. Inavuma. Nimeifungua mara tisa. Nimebadilisha waya wa ardhini, nimehamisha transfoma, nimenunua valvu Mwanza, nimenunua Dar. Inapungua, halafu inarudi. Ningeipelekaje hivi kwa mtu aliyepiga gitaa jukwaani? Halafu wewe, unayesikia mtu akivuta pumzi, ungesema umependa fundi gani?"

Hilda aliitua ampi. Hasira ikamrudia. "Mwezi mzima, Pastory. Mwezi mzima nimedhani una mwanamke mwingine."

"Mwanamke! Hata kunyoa nimeshindwa."

"Na umeshindwa kusema 'Hilda, nimekwama'? Maneno mawili hayo?"

Pastory aliinamisha kichwa. "Niliona aibu."

"Aibu kwangu mimi?"

"Kwako kuliko kwa mtu yeyote."

Hilda alitaka kutoka. Badala yake alivuta stuli, akaketi. "Washa," alisema. "Nisikie."

Pastory alifunika tumbo la ampi, akawasha, wakasubiri vichupa vipate moto bila kuangaliana. Pastory akampa zile hedifoni zake nyepesi. Kweli, chini ya kimya kulikuwa na mvumo, kama friji ya chumba cha jirani. Hilda alisikiliza muda mrefu. Kisha akainua macho.

"Siku zote unaijaribu kwa hizi hizi?"

"Ndizo nilizonazo. Zako ziko kwako."

"Hizi zinasikia hata sisimizi akitembea. Baba atavaa hizi zako?"

"Hapana. Atavaa zako, zile za—"

Hilda alikuwa ameshafungua mkoba. Alichomoa zile nyepesi, akachomeka za omu mia tatu. Akasikiliza. Akamvisha Pastory bila kusema. Fundi aliinamisha kichwa chake upande, akabana macho, akazungusha sauti hadi katikati.

"Haupo," alinong'ona. Kisha kwa uaminifu wake akaongeza, "Upo kidogo sana, huku chini."

"Na baba ana miaka sabini na sita. Hasikii pikipiki ikipita dirishani." Hilda akasimama. "Funga hiyo. Nyoa. Tunaondoka sasa hivi."

"Hivi hivi? Upande huu nyuma sijapiga hata vanishi!"

"Pastory!"

"Nanyoa."

Walifika Butiama saa kumi, bila kutarajiwa. Mama yake Hilda alikuwa anaanua mahindi uani, akamtazama Pastory kuanzia viatu hadi alipojikata shavuni wakati wa kunyoa, akasema tu, "Karibu, baba. Tulikungoja." Pastory akainamisha kichwa, akamwamkia, akaomba radhi, naye akaitikia bila kutabasamu.

Mzee Isidori alikuwa kibarazani. Hawakumweleza kitu, kwa kuwa kueleza kulikuwa kazi. Waliichomeka ampi kwa waya mrefu kutoka sebuleni, Hilda akamvua kofia baba yake, akamvalisha hedifoni, akaianzisha ile kanda kwenye simu yake. Mzee aliwatazama kama mtu anayepimwa shinikizo la damu.

Pastory alianza sauti chini, akaipandisha polepole. Uso wa mzee haukubadilika. Akapandisha tena. Hilda aliuma mdomo.

Ghafla kidole cha mzee kilianza kugonga goti.

"Huyu ni Shija!" alipiga kelele, asijue sauti yake imepanda kiasi gani. "Shija wa besi! Anaingia mapema, kila siku anaingia mapema, nilimwambia!" Akacheka, akafuta pua kwa kiganja, akaendelea kugonga. Mama yake Hilda aliacha mahindi, akaja kusimama nyuma ya kiti cha mumewe, mikono begani kwake. Hilda alimwangalia Pastory, naye alikuwa ameshika kitufe cha sauti kwa vidole viwili, hathubutu kukiachia.

Wimbo wa pili ulipoanza mzee alimwona. "Na huyu kijana ni nani?"

"Ni Pastory, baba," Pastory alisema kwa adabu.

"Eeh?"

"Pastory. Fundi."

"Sema kwa nguvu!"

Pastory alivuta pumzi. "NI PASTORY! NDIYE NILIYESHINDWA KUJA ILE JUMAPILI! NATAKA KUMUOA HILDA!"

Jirani aliyekuwa anafagia alisimamisha ufagio. Mzee alimtazama sana, akasogeza hedifoni upande mmoja. "Nimesikia," alisema. "Sasa hivi hata kule Nyamuswa wamesikia. Lete wazee wako tuongee." Akairudisha hedifoni sikioni, akafumba macho.

"Na mimi?" Hilda alisema. "Umemwuliza baba, umewauliza majirani. Mimi nani ameniuliza?"

Pastory alimsogelea. Ile sauti ya kupaza ilikuwa imeisha, imebaki ya chini. "Hilda, nimekukosea. Utanikubali?"

"Ukikwama tena utanificha?"

"Nitakuambia siku hiyo hiyo."

"Hata kama ni aibu?"

"Hasa kama ni aibu."

Hilda aliyatazama mashavu yake yaliyokatwakatwa, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa sita alihisi mwili wake umekaa mahali pamoja.

"Ndiyo," alisema.

"Sijasikia."

"Umesikia vizuri sana," Hilda alisema, akaingia jikoni kumsaidia mama yake kuongeza maji ya ugali.