Lydia Asome Mpaka Saa Ngapi?

Kila asubuhi nyumba ya Lameck na Jenifa, pale Ipagala, iliamka kwa kelele. Kelele zote zilitoka kwa mtu mmoja. Mtu huyo alikuwa na miaka minne. Jina lake Lydia.

"Hii soksi inanichukia!" alilia Lydia.

"Soksi haimchukii mtu," alisema mama yake. "Leta mguu."

Jenifa alikuwa mpishi wa kantini ya ofisi mjini. Aliondoka asubuhi, akarudi jioni. Lameck alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na madirisha. Karakana yake ilikuwa mbele ya nyumba. Lydia alisoma chekechea nusu siku. Mchana alirudi nyumbani, akashinda karakanani na baba yake.

Shule ile ilikuwa pia na watoto wa siku nzima. Jenifa alitaka Lydia awe mmoja wao. Lameck alikataa.

"Mtoto wa miaka minne asome mpaka saa kumi? Kwani anaandaa bajeti ya serikali?"

"Na mchana nani anamwangalia, Baba Lydia?"

"Mimi. Jicho moja kwenye geti, jicho moja kwa mtoto."

Siku moja mchana alikuja mteja, Mzee Matonya. Alikuwa anakwenda harusini. Alivaa suruali nyeupe, imepigwa pasi vizuri. Alipita kuangalia geti lake.

"Shikamoo, mzee," alisema Lameck. "Karibu ukae."

"Marahaba." Mzee Matonya akakaa kwenye benchi.

Lydia akapiga kelele. "Babu! Unanifutia rangi yangu!"

Mzee alisimama haraka. Lydia alikuwa amepata brashi na kopo la rangi nyekundu. Benchi lote alikuwa amelipaka. Sasa nusu ya rangi ilikuwa kwenye suruali ya mzee.

Lameck aliomba radhi mpaka akaishiwa maneno. Mzee Matonya alikwenda harusini amejifunga shuka kiunoni. Watu walimuuliza kama ni mtindo mpya.

Jenifa aliposikia hakucheka. "Yale macho yako mawili yalikuwa wapi?"

"Yote yalikuwa kwenye geti," alikiri Lameck.

Siku chache baadaye mambo yalikuwa mabaya zaidi. Lameck alikuwa anachomelea dirisha. Alivaa kinyago chake cha kukinga macho. Hakujua kwamba Lydia amechuchumaa pembeni, anatazama ule mwanga mkali. Jioni mtoto alianza kulia.

"Mama, nina mchanga machoni!"

Hapakuwa na mchanga. Macho yalikuwa mekundu, yanatoka machozi. Walimkimbiza zahanati. Daktari alimpima, akampa dawa.

"Mwanga wa kuchomelea umemchoma macho," alisema. "Safari hii atapona. Lakini karakana si mahali pa kumlea mtoto."

Lameck alimbeba Lydia mpaka nyumbani.

Kesho yake alikuja jirani yao, Mwalimu Mwanasha. Yeye hufundisha darasa la awali katika shule nyingine. Alikuja kumjulia hali mtoto. Lameck akamuuliza, "Mwalimu, kipi bora? Nusu siku au siku nzima?"

"Vyote viwili vyafaa," alisema Mwanasha. "Kwa mtoto mdogo, masomo ya asubuhi yanatosha. Jiulize tu, mchana anakuwa na nani? Kama kuna mtu mzima wa kumlisha, kucheza naye na kumwangalia, nusu siku ni nzuri sana."

"Na kama yupo na baba mwenye moto mkononi?"

"Hapo tafuta njia nyingine."

"Lakini siku nzima atachoka kichwa!"

"Siku nzima nzuri si masomo mpaka jioni. Nenda shuleni kwao mchana, uone mwenyewe. Angalia chakula, maji ya kunawa na choo. Angalia kama walezi wanatosha. Uliza nani anaruhusiwa kumchukua mtoto. Na uone kama wanapumzika. Ukimhamisha, mzoeshe taratibu."

Lameck akaenda siku Jenifa alipoomba ruhusa kazini abaki na Lydia. Mlinzi hakumfungulia mpaka Mwalimu Evodia, mwalimu wa Lydia, alipokuja kumtambua. Jambo hilo lilimpendeza. Aliona watoto wananawa mikono kwa maji yanayotiririka. Aliona wanakula wali na maharage. Alikagua choo, akakuta ni safi. Kisha akaona watoto wanatandikiwa magodoro.

"Mwalimu, wanalala?" alishangaa. "Yaani nitalipia usingizi?"

"Mtoto aliyechoka hasikii unachomfundisha," alisema Mwalimu Evodia. "Kalamu tunashika asubuhi. Mchana wanalala kidogo. Wakiamka wanakunywa uji, wanacheza na kusikiliza hadithi. Kaa hapo na mimi, uangalie."

Viti vyote vilikuwa vidogo. Lameck akakaa mkekani, akaegemea ukuta. Chumba kilikuwa kimya. Upepo ulipita dirishani. Lameck alikaza macho ili aangalie vizuri.

Baada ya muda mfupi mtoto mmoja aliinua kichwa. "Mwalimu, kuna trekta!"

Halikuwa trekta. Alikuwa Baba Lydia anakoroma. Watoto wote waliamka. Mmoja alimfunika kwa kanga. Mwingine alimletea kikombe cha uji. Lameck alifumbua macho, akaona nyuso nyingi zinamtazama.

"Kunywa, mjomba," alisema yule mtoto. "Ukimaliza tunakwenda kucheza."

Lameck alikunywa uji wote.

Nyumbani alimwambia mkewe, "Nimekagua. Usingizi wao ni mzuri."

Walifuata pia ushauri wa Mwanasha wa kumzoesha mtoto taratibu. Wiki ya kwanza Lydia alibaki mpaka chakula cha mchana tu. Iliyofuata alibaki mpaka baada ya kulala. Siku ya kwanza alilia. Lameck alisimama nje ya uzio, anachungulia.

Mwalimu Evodia akamfuata. "Baba Lydia, nenda kazini. Mtoto ameshanyamaza. Bado wewe."

Sasa Jenifa akitoka kazini humpitia Lydia. Jioni wazazi huweka simu pembeni, wakamsikiliza. Lydia ana habari nyingi. Anajua kuhesabu, kunawa mikono na kumsubiri mwenzake amalize bembea. Macho yake yamepona kabisa. Lameck naye anamaliza mageti kwa wakati.

Juzi jioni rafiki yake Elisha alikuja karakanani. "Lameck, mwanangu anaanza chekechea. Nimpeleke siku nzima kama Lydia?"

Lameck alizima mashine. "Mchana nyumbani kuna nani?"

"Bibi yake. Anampenda, na bado ana nguvu."

"Basi mpeleke nusu siku. Mchana ale kwa bibi, asikilize hadithi. Mimi sikuwa na bibi. Nilikuwa na moto."

"Kumbe wewe ni mtaalamu wa watoto!"

"Nimesomea," alisema Lameck kwa sauti nzito.

Jenifa alikuwa jikoni. Alicheka mpaka akauacha mwiko ndani ya ugali.