Hodi Kwenye Mlango wa Maji

Nyamizi aliandika mstari mmoja kwenye kioo cheusi: *hodi maji hospitali*. Akabonyeza. Neno likarudi, la kijani: KARIBU.

Wageni wa uzinduzi wakapiga makofi. Kule nyuma, Kalunde akaiacha mikono yake mapajani.

Mji wa Ng'wamala ulikuwa unaendeshwa na mtandao. Maji, umeme, mabasi yasiyo na dereva, mashine za hospitali, kila huduma ilikuwa na mlango wake humo, na kila mlango ulikuwa na bawabu-mashine. Chombo cha Nyamizi kiliitwa Hodi. Hakikuwa na picha wala madoido. Unaandika mstari tu, chenyewe kinakwenda kubisha. Kinabisha mara tatu, kama mtu aliyelelewa vizuri. Kikiitikiwa, kinakuletea karibu; kisipoitikiwa, kinarudi kusema wenyewe hawapo. Milango elfu nne kwa kupepesa jicho!

Kabla ya Hodi, kazi hiyo ilikuwa ya Kalunde. Miaka ishirini na sita alipiga simu kituo kwa kituo: "Mmeamkaje huko? Maji yanatoka?" Mji mzima ulimjua kwa sauti. Sasa meza yake ilikuwa imesogezwa karibu na choo, na Nyamizi, binti aliyefundishwa kazi na yeye mwenyewe, ndiye aliyekuwa akipigwa picha.

Tena binti mwenyewe alikuwa na adabu, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Asubuhi alikuja akamwamkia, "Shikamoo mama. Leo ukae mbele na wageni."

"Marahaba. Mbele kuna jua," Kalunde alimjibu. "Kaa wewe mwenye ngozi changa."

Basi saa tatu, makofi yakiendelea, akampigia simu Mgalula, mlinzi wa pampu ya hospitali. Mazoea tu.

"Pampu imekufa, dada," Mgalula akasema. "Tangu alfajiri inanguruma bila kuvuta. Nikiripoti, mashine inanijibu huduma ipo. Huduma ipo wapi, jamani? Tangi lina maji ya saa moja tu. Waambie wakubwa."

Kalunde akaelewa papo hapo. Bawabu alikuwa anaitikia mwenyewe, kama mtoto aliyeachwa nyumbani, anayeitikia hodi kutoka uani na wakubwa wameshaondoka. Hodi ikisikia karibu inaridhika. Haiingii ndani kuangalia.

Akanyanyuka aseme. Akamwona Nyamizi anacheka na mkuu wa mji, shada la maua shingoni. Akakaa tena.

"Acha maji yakatike mbele yao," alijiambia. "Nione hiyo picha watakayopiga." Akajipa moyo kwamba hospitali haikosi tangi la akiba.

Tangi la akiba lilikuwepo. Lakini lilifunguliwa kwa mkono, na kulifungua kulichukua nusu saa.

Saa nne hospitali ikapiga simu. Mashine za kusafisha damu, za wale ambao figo zao zimechoka, zilikuwa zimezimika kwa kukosa maji, wagonjwa wakiwa wameunganishwa nazo. Walikuwa sita. Watano walichomolewa wakiwa hai. Wa sita, mama mmoja fundi cherehani, moyo wake ulisimama kabla daktari hajamfikia.

Mkuu wa mji akamgeukia Nyamizi. "Chombo chako kinasema karibu, watu wanakufa! Vua hayo maua." Kisha akaenda kwa Kalunde, akamwekea mkono begani. "Mama, tulikudharau. Kuanzia leo tunarudi kwako na simu yako."

Watu wote wakamtazama. Ndiyo heshima aliyoilalia na kuiamkia miezi yote ile.

Nyamizi akaja, akapiga magoti miguuni pake, machozi yanamtiririka. "Mama, nifundishe nilipokosea. Ungepiga simu wewe, ungejua?"

Kalunde alitaka kusema ndiyo, aishie hapo. Ulimi ukagoma.

"Nilipiga," akasema. "Saa tatu. Mgalula aliniambia pampu imekufa na maji ni ya saa moja."

"Saa tatu? Ukanyamaza, mama?"

"Nikanyamaza. Nilitaka uaibike. Wewe tu, mwanangu, si mwingine."

Mkuu wa mji akautoa mkono wake begani mwa Kalunde, taratibu, kama mtu aliyegusa chungu akakuta ni cha moto.