Mtoto Nyuma ya Pijo

Flavia hakuwa mtu wa mauzauza. Alikuwa mwalimu wa hesabu aliyestaafu, anafuga kuku wake huko Shirimatunda, na ukimletea habari za majini anakuuliza kama umekula. Kwa hiyo siku alipofungua albamu ya marehemu baba yake, Mzee Wenseslaus, atafute picha ya misa ya kumbukumbu, akaona mtoto asiyemjua amesimama nyuma ya gari, alijisemea tu kwamba uzee umeanzia machoni.

Picha zilikuwa kumi na moja, na gari lilikuwa katika zote. Mzee alilipenda lile Pijo kuliko baadhi ya ndugu zake. Krismasi, kipaimara, mavuno ya kahawa, familia inapangwa mbele ya gari kana kwamba wao ndio mapambo. Flavia yumo kila mahali, msichana wa miaka tisa, soksi nyeupe, mkono juu ya boneti. Mtoto yule hakuwahi kuwamo.

Kesho yake alikuwa ameshapita taa za nyuma. Jumatano amefika mlango wa dereva, kaptula ya kaki, daftari kwapani, uso ameuinamisha, na katika picha zote kumi na moja amesogea hatua zilezile, na nyumba nzima inanuka petroli ilhali Flavia hana gari, na kuku wamegoma kuingia uani mchana kweupe, mpaka Ijumaa saa nne asubuhi, amesimama jikoni anakosha vyombo, akahisi mkono mdogo wa baridi unamkalia bega la kulia, akaenda kwenye albamu huku anajua atakachokikuta, na kweli, mtoto alikuwa amemfikia yule msichana wa soksi nyeupe na kumshika bega. Safari hii alikuwa ameinua uso.

Flavia akakaa sakafuni akalia. Alimjua.

Alikuwa Eliudi, mtoto pekee wa mjane wa jirani yao kule Mwika. Mwaka sabini na sita, jioni ya mvua, Pijo lilimgonga akitoka shule, Flavia akiwa kiti cha mbele. Mzee alishuka, akatazama, akarudi kwenye usukani. Alimwambia binti yake wamegonga mbuzi, na yeyote atakayeuliza ajibiwe hivyo. Flavia akasema mbuzi. Alisema mbuzi kwa mama yake, akasema mbuzi kwa polisi, na kwenye kitubio hakusema kitu. Gari likauzwa mwezi uleule.

Bega likazidi kuwa zito hadi kitana hakifiki kichwani. Shoga yake Ummy akamkokota mpaka Rau kwa Shehe Rajabu. Shehe alisoma, akafukiza ubani, halafu akakifunika chetezo.

"Dada, jini ningemfukuza," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu ni mtoto, anadai haki yake. Asipoipata, mkono utakufa. Nyinyi Wachagga mnajua cha kufanya."

Alijua. Anayekosa huchuma jani la isale akalipeleka kwa aliyemkosea kuomba msamaha, na isale likishaletwa halikataliwi. Mpaka wa kihamba, shamba la ukoo la Mzee Wenseslaus, ulikuwa isale tupu, na maisha yake yote hakuchuma hata moja. Shehe akamwambia jani likipokelewa mtoto atalala, na kwenye picha hataonekana tena.

Mama Eliudi alikuwa amefika themanini, bado anachuma kahawa yake mwenyewe. Flavia akapiga magoti, akaweka jani chini na kueleza yote, mbuzi na kila kitu. Kisha akatoa picha moja aliyokuja nayo, maana bila hiyo nani angeamini.

Bibi aliifuta picha kwa upindo wa khanga, akaisogeza mlangoni penye mwanga, akaitazama mpaka Flavia magoti yakaanza kumuuma.

"Sikuwa na picha yake," alisema. "Hata moja. Sura nilishaisahau. Namwomba Mungu anionyeshe ndotoni, hanionyeshi." Akagusa kwa kidole. "Masikio ya baba yake haya."

Baadaye akauliza, "Nikilipokea hili jani, atabaki humu?"

Flavia angeweza kusema ndiyo. Neno moja tu, fupi kama lile la utotoni, na mkono wake ungepona.

"Hapana, mama. Ataondoka."

Bibi akalisukuma isale taratibu mpaka likagusa magoti ya Flavia. Mwika nzima hakuna aliyewahi kuona jambo kama hilo.

"Wewe ulikuwa mtoto, mwanangu, sina neno na wewe. Ila jani lako rudi nalo. Za aina hii unazo nyingine?"

"Kumi."

"Niletee."

Jumapili baada ya misa Flavia alizipeleka. Bibi alikuwa ameshatandika kitambaa cheupe mezani, anangoja kama anayengoja wageni, na Flavia akampangia zote mbele yake, moja moja, kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa umeshakufa.