Nafasi Chini ya Kitanda cha Kasusu

Jioni ile nilifunga cherehani mapema nikapitia kwa Kilonzo, fundi wa mbao nyuma ya soko la Kitui. Shida yangu ilikuwa kitanda. Binti yangu alikuwa akilala nami tangu azaliwe, na sasa miguu yake ilikuwa mirefu kuliko adabu zake. Kila asubuhi niliamka na mbavu zinauma.

Nyumba tuliyopanga ilikuwa na chumba changu, sebule, na kajichumba ambako mwenye nyumba alikuwa akiweka magunia ya ndengu. Hako ndiko kangekuwa ka mtoto. Nilikuwa nimekapima kwa futi yangu ya kushonea, na futi haidanganyi. Kalikuwa kadogo kweli.

Kilonzo alinionyesha kitanda cha kawaida. Kingeingia, lakini pasingebaki pa kuweka hata meza. Akanionyesha dabodeka, kitanda cha juu na chini.

"Nina mtoto mmoja," nikamwambia. "Wa pili nitoe wapi?"

"Basi angalia hii." Akanipeleka kwenye kona. Kilikuwa kitanda cha mbao ya mukau, kimeinuliwa juu kwa miguu minne minene, ngazi ubavuni, na chini yake hakuna kitu. "Hii ni ya juu peke yake, mama Kasusu. Huku chini unaweka meza ya homework, ama sanduku ya nguo. Hiyo ni nafasi yako."

Nilikitikisa. Hakikutikisika. Nikapima ukingo wa kuzuia mtoto asianguke, nikauona ni mfupi, nikamwambia auongeze. Tulikuwa tunabishana hapo wakati stima ilipopotea.

"Hawa watu!" Kilonzo akalalamika, akatoka kwenda kwa jirani kuazima tochi.

Nikabaki peke yangu kati ya mbao. Nje bado kulikuwa na mwanga kidogo, ndani hakuna. Nilisikia harufu ya vumbi la mbao na gundi.

Halafu... ugoro.

"Chukua hiyo," sauti ikanong'ona.

Ilitoka nyuma ya mbao zilizosimamishwa ukutani. Nilishtuka, kisha nikacheka. Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee.

"Aii, Susu, utaniua na mshtuko."

"Ni nzuri. Mtoto atalala huko juu kama kuku. Na mimi... nitalala wapi?"

Kwetu Ukambani susu, yaani nyanya, ni mtu wa kutaniwa, hata kama si wako. Akikuuliza umemletea nini, unamwambia umemletea bwana. Na mzee akiuliza mahali pa kulala, hata kwa mzaha, humwambii hakuna. Hivyo ndivyo tulivyolelewa.

"Chini ya mtoto, Susu," nikamwambia. "Si unaona nafasi? Karibu."

"Umesema," ikanong'ona.

Kilonzo aliporudi na tochi, hapakuwa na mtu mwingine. Nikadhani mzee amejipitia zake, nikalipa, nikaenda nyumbani.

Watu wa nje wakisikia natoka Kitui huniuliza habari za uchawi, tena kwa sauti ya chini. Mimi huwauliza, kama tungekuwa na uchawi wote huo, mvua ingekuwa inatukwepa hivi? Sikuwa mtu wa kuogopa vivuli, na hata leo si mwoga. Lakini lazima nieleze jambo moja, kwa sababu bila hilo hutaelewa.

Mimi niliolewa na mwanamke.

Ni desturi ya Wakamba, inaitwa iweto. Mjane asiye na mtoto wa kiume huoa msichana, anatoa mahari kama mume yeyote, na watoto ambao msichana atazaa na mwanamume wa nje wanakuwa wa nyumba yake, ili boma lisife. Hawalali pamoja. Mzee Kavata, mjane wa upande wa Kwa Vonza, alikuwa na binti mmoja tu, Nzisa, naye alishaolewa mbali. Akapeleka mbuzi kwa baba yangu. Mimi sikuulizwa. Nilimzalia msichana, tukampa jina lake mwenyewe, Kavata. Lakini mke hataji jina la aliyemwoa ovyo ovyo, kwa hiyo nyumbani mtoto tukamwita Kasusu, nyanya mdogo. Mzee mwenyewe nilimwita Mwaitu, mama. Hakuwahi kunipiga. Ila wageni wakija alikuwa akinishika mkono na kusema, "Huyu ni bibi yangu," yaani mke wake, na vidole vyake haviachi. Nilichukia sana vile vidole vilivyonuka ugoro.

Alipougua koo, nilimlisha uji kwa kijiko mpaka siku ya mwisho. Sauti yake ilikuwa imeisha, akiongea kwa kunong'ona tu. Tulipomzika, nilichukua mtoto wangu na cherehani, nikahamia mjini. Sikumwomba mtu ruhusa na sijutii.

Kitanda kililetwa. Kasusu alipanda ngazi akashuka, akapanda tena, mpaka nikamkemea. Chini yake nikaweka meza ndogo ya vitabu. Kwa mara ya kwanza nililala na kitanda kizima, mikono nimeitupa kila upande. Raha niliyosikia siwezi kuisimulia.

Haikuchukua hata wiki.

Nilimkuta Kasusu ametoka chini ya kitanda, shavu lake lina alama. Mistari ya msuko, mstari juu ya mstari, kama mtu aliyelalia mkeka.

Sisi hatuna mkeka.

"Ulikuwa unafanya nini huko?"

"Nilikuwa napiga story na susu."

Nikainama. Kulikuwa na meza, vitabu, na simiti tupu. Lakini harufu ya ugoro ilinipiga puani hadi nikapiga chafya.

Siku zilizofuata alianza kumega ugali na kuuweka sakafuni, pale pale chini. Nikimuuliza, ananitazama kana kwamba mimi ndiye mtoto. Jioni moja aliniambia, "Mama, susu anasema tutarudi nyumbani."

"Nyumbani ni hapa."

"Anasema si hapa."

Hapo ndipo nilipoogopa. Si kwa ajili yangu. Niliona wazi kwamba kuna mtu anamtaka mtoto wangu, na mtu huyo yuko ndani ya nyumba ninayolipia kodi.

Nilienda kwa Kilonzo. Nikamuuliza habari za yule mzee aliyekuwa nyuma ya mbao.

"Nyuma ya mbao wapi?" Akanionyesha. Mbao zilikuwa zimeegemea ukuta, zimebanana. "Mama Kasusu, hapo nyuma hata paka haiwezi ingia."

Nilipofika nyumbani simu ikalia. Alikuwa Nzisa. Hatukuwa tumeongea tangu mazishi.

"Muthoki, nyumba ya mama tulifunga na kufuli. Leo nimepita, nikapata mlango iko wazi. Hakuna kitu imeibiwa. Ni mkeka yake tu haiko."

Nikageuka kutazama chini ya kitanda cha Kasusu.

"Mama hakuoa ndio boma ikae tupu," akasema. "Rudisha mtoto."

"Dada Nzisa, mtoto si sufuria ya kuazimwa. Sirudishi."

Nikakata simu. Mpaka leo sijui kama yeye alijua zaidi ya alivyosema. Sijui hata kama kweli alikuta mlango wazi, au aliufungua mwenyewe na kumpa mtu mkeka. Lakini mtu angeuingizaje kwangu bila mimi kuuona?

Akina mama wa kanisa walikuja wakaomba, wakaimba, wakanyunyiza maji. Jirani yangu Mbithe, aliyewaleta, akanivuta mlangoni. "Hama," akanong'ona. "Chukua mtoto uhame leo."

"Mbithe, mimi nimeshahamishwa mara moja, na mbuzi ziko mbele. Sihami tena. Ahame yeye."

Maana nilikuwa nimefikiri. Yule mzee aliomba nafasi, nami kwa mdomo wangu nikampa. Basi dawa ni kuijaza ile nafasi.

Jioni hiyo stima ilipotea tena. Tulikula, Kasusu akapanda juu akalala. Nikaitoa meza ya vitabu, nikazima mshumaa. Nikatandika blanketi langu kwenye simiti, nikalala chali pale chini, mbao za kitanda cha mtoto juu ya uso wangu.

"Haya," nikasema. "Nafasi imejaa."

Juu, Kasusu akageuka. Mbao ikalia... ng'wii.

Halafu harufu ikaja.

Nilinyoosha mkono pembeni ya blanketi nishike simiti. Sikushika simiti.

Nilishika msuko wa mkeka.

Sikuutoa mkono. Hasira ilikuwa imenijaa kuliko hofu, na nilisema yote.

"Mwaitu, ulitaka mtoto, nikakuzalia. Ulitaka jina, mtoto analo. Nilikuosha, nikakulisha, nikakulilia, na machozi yalikuwa ya kweli. Umebakiza nini hapa?"

Kitu kikajisogeza kando yangu, polepole, kama mzee anayetafuta mahali pa kuegemeza kiuno. Pumzi ikanigusa shingoni. Haikuwa baridi. Ilikuwa na joto.

Nikaliita jina ambalo sikuwahi kulitaja mbele yake maisha yote.

"Kavata! Kasusu ni wangu! Nimelala hapa na sitoki!"

Pumzi ikasimama.

"Umesema," ikanong'ona.

Kisha hakukuwa na kitu. Harufu ikaisha kabisa. Nikapapasa, nikashika simiti. Nilicheka peke yangu gizani, kicheko cha mtu aliyeshinda, na usingizi ukanichukua hapo hapo.

Asubuhi Kasusu alikuwa anakunywa chai, miguu inaning'inia kwenye kiti. Uso ulikuwa safi na macho maangavu. Alikula mkate wote bila kumega kipande cha mtu. Nilitaka kupiga vigelegele.

"Mama," akasema, "susu leo amefurahi sana."

Kikombe changu kikasimama njiani.

"Amefurahi nini?"

"Ameniambia nibaki tu, nisome. Hata hakuwa anataka kunichukua." Akafuta mdomo kwa mkono. "Alikuwa anangoja bibi yake arudi alale na yeye."

Nilienda chumbani nikajitazama kwenye kioo. Shavuni mwangu kulikuwa na alama. Mistari ya msuko, mstari juu ya mstari.

Siku hiyo hiyo nilimwita Kilonzo aje na msumeno. Alikata ile miguu minne ya mukau huku akisikitika juu ya kazi yake nzuri. Kitanda kikashuka hadi sakafuni. Sasa hakuna juu wala chini, na meza ya vitabu imehamia sebuleni. Kasusu hana shida. Anasoma, analala, anacheka, na tangu siku hiyo hajamtaja susu tena. Alikuwa akishikiliwa kwa ajili yangu, na sasa ameachiliwa. Hilo nimelishinda na hakuna atakayeninyang'anya.

Mbithe bado ananiambia nihame. Nzisa hapigi simu tena, na hiyo inanisumbua kuliko ile siku aliyopiga.

Na mimi? Mimi nina kitanda changu, nilichonunua kwa kushona sare za watoto wa watu. Nikizima taa nalala upande wa mlangoni. Baada ya muda godoro la upande wa ukutani hubonyea taratibu, na vidole hutafuta mkono wangu kwenye blanketi.

Siupi. Naukunja kifuani na kuvuta blanketi lote kwangu.

"Sogea," namwambia. "Hapa ni kwangu."

Na husogea... kidogo.