Nilimngoja Msituni, Kumbe Yuko Mtaa wa Pili

Ndugu wasomaji, nimeshapita miaka sabini na macho yangu hayaoni vizuri, lakini yaliyonipata nilipokuwa na miaka ishirini na mitatu nayaona mpaka leo. Naitwa Mwaziza. Ni mtu wa pwani, kaskazini ya Cabo Delgado, na haya yalinikuta katika miaka ya vita vya kumtoa Mreno.

Nilikuwa mke wa Saide. Hatukuwa na mtoto, lakini hatukuwa na ugomvi pia. Alikuwa mtu wa mzaha. Akishiba alikuwa akijipapasa kitambi ambacho hata hakuwa nacho, akisema, "Tumbo limekataa, ila mdomo haujasikia," kisha anaendelea kula. Maneno hayo nilikuwa nayasikia kila siku, na kila siku nacheka.

Asubuhi moja aliniambia anakwenda kuvuka Ruvuma kujiunga na wapigania uhuru. Kaka yangu Abudo ndiye angemwongoza mpaka upande wa Pundanhar, maana alizijua njia za msituni na alikuwa akipeleka watu kwa siri. Mimi nikakaanga muhogo wa njiani. Niliogopa, lakini moyoni nilijivuna... Mume wangu si mwoga.

"Wakikuuliza, sema nimekwenda Mtwara kwenye mkonge," alinielekeza. "Na uningoje, Mwaziza."

Nikamwambia nitangoja.

Siku kadhaa baadaye Abudo alirudi, akasema amemwacha salama mahali pa kupokelewa na wenzake. Tulikuwa watatu tu tuliojua safari ile. Hata mama hatukumwambia kwanza.

Mvua za mwaka ule hazijaisha, polisi wa siri wakaja kumchukua Abudo. Walimkuta shambani anapalilia. Walimpeleka Porto Amélia, na baada ya muda tukaletewa habari kwa mdomo kwamba amekufa gerezani. Maiti hatukupewa. Kaburi hatukuonyeshwa. Mama alikaa matanga ya mwanawe bila kujua amelazwa upande gani wa dunia.

Nani alimtaja kaka yangu? Tuliwaza kila mtu. Tulimwaza jirani, tulimwaza mwenye duka, tulimwaza hata mwalimu wa chuo cha Kurani, Mungu anisamehe. Tuliacha kusalimiana na watu wasio na hatia.

Na mimi niliitwa. Walinipigisha magoti juu ya kokoto, wakaniuliza mume wangu yuko wapi. Nikasema Mtwara, kwenye mkonge. Mkubwa wao alimtazama mkalimani, wakaangua kicheko. Nilipigwa makofi, nikarudia yaleyale, nao wakazidi kucheka. Sikuelewa wanachekea nini. Nilidhani wanauchekea woga wangu. Baadaye waliniacha niende, na hawakuniita tena.

Kisha tukahamishwa. Wareno walikuwa wanakusanya watu kwenye vijiji vya uzio, wenyewe wakiviita aldeamento, ili wapigania uhuru wasipate chakula kwetu. Mimi na mama tukatiwa katika kijiji kimoja kando ya barabara inayotoka Awasse kwenda Mocímboa. Kulikuwa na seng'enge, lango, na askari. Kwenda shamba kwa ruhusa, kurudi kwa ruhusa.

Furaha yangu ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa mjini.

Baadhi ya Jumapili, lori la mnunuzi wa korosho lilipita likisindikizwa na askari, na aliyepewa karatasi ya ruhusa aliweza kwenda Mocímboa asubuhi na kurudi kabla ya jua kuzama. Huko alikuwako shoga yangu Anchia. Tulisoma chuo pamoja tukiwa wadogo, tukaazimana kanga mpaka hatukujua ipi ya nani. Mumewe, Selemane, alikuwa fundi cherehani, na alikuwa na kikundi chake cha michezo ya kuigiza.

Wasomaji wangu, nikiwaambia nilivyozipenda Jumapili zile mtanionaje? Watu wanakufa, na mimi nahesabiwa miongoni mwa wenye huzuni, lakini nikishuka kwenye lori najiona msichana. Anchia alikuwa ananipikia wali wa nazi na pweza, au kisamvu cha karanga. Wanakuja na jirani zake, tunakula sinia moja, tunasengenya, tunasukana. Alasiri tunakwenda kwenye jumba la bati lenye mabenchi, na pazia la kanga zilizoungwa na Selemane mwenyewe. Michezo ilikuwa ya kuchekesha, ya mabwana na bibi zao, wanaume wakivaa nguo za kike. Mambo ya vita hayakutajwa. Nani angethubutu? Lakini tulicheka mpaka mbavu zikauma, na kule kwenye uzio wetu hakuna aliyekuwa akicheka.

Siku moja, tukiwa tunachambua mchele, nilishindwa kuibeba siri yangu peke yangu. Nikamnong'oneza Anchia kwamba Saide hayuko Mtwara. Yuko msituni, anapigana. Nilitarajia atanikumbatia. Anchia akainuka kwenda kufunua chungu ambacho hata hakijachemka. Akakaa huko, amenipa mgongo.

"Mungu amlinde," akasema.

Na kulikuwa na jambo jingine. Kila tukienda kwenye mchezo, Anchia alinizungusha kwa njia ya sokoni, njia ndefu yenye jua kali, ilhali kulikuwa na njia fupi inayopita nyuma ya kambi ya jeshi. Alisema askari wa huko wanawasumbua wanawake. Nikamwamini. Mbona nisimwamini? Alikuwa Anchia.

Ikafika Jumapili ya mwisho. Mchezo wa siku hiyo ulikuwa wa bwana mmoja aliyemuaga mkewe kwamba anakwenda Unguja kuchuma karafuu. Selemane ndiye aliyekuwa bwana. Akazunguka jukwaa na mzigo begani, akapiga hatua chache, akaingia nyumba ya upande wa pili wa jukwaa lilelile, kwa mke mwingine. Watu wakacheka. Upande huu mke mkubwa anamwombea asizame baharini. Upande ule bwana anaomba aongezewe mchuzi. Upande huu mke anafunga sunna. Upande ule bwana anakandwa miguu.

Nilicheka, wasomaji. Nilimcheka yule mke mjinga mpaka nikajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

Halafu Selemane akajipapasa tumbo, akasema, "Tumbo limekataa, ila mdomo haujasikia."

Jumba zima likalipuka kwa kicheko. Na mimi nilikuwa bado nacheka, nikigeuka kumwambia Anchia kwamba mume wangu alikuwa akisema hivyohivyo... Nikamwona Anchia analia. Watu wote wanacheka, yeye peke yake analia, na ananitazama mimi, si jukwaa.

Nikaacha kucheka, nikainuka.

Alinishika mkono akanitoa nje, nyuma ya jumba, penye kivuli cha ukuta. Nikamwuliza amejua tangu lini habari za Saide. Akasema ni muda mrefu. Selemane alikuwa amepewa kazi ya kushona sare kambini, akamkuta Saide huko, anatunza ghala na kuwatafsiria Wareno. Amepewa jina jingine na nyumba. Ana mke.

"Mbona hukuniambia?" nikamwuliza.

"Shoga, kila ukija unakuja na uso wa furaha. Nilisema nitakuambia Jumapili ijayo. Na tukakatazwa. Saide alimwambia Selemane, neno likitoka tunapotea sote." Akajifuta pua. "Selemane amechoka kukuona unamwombea. Akasema kama hatuwezi kukuambia, tukuonyeshe."

Akili yangu ilikuwa inahesabu watu. Safari ile tuliijua watatu. Mimi. Saide. Na Abudo, ambaye amekufa.

Nikamwambia anionyeshe nyumba.

Ilikuwa mtaa wa pili tu kutoka pale. Nyumba ya bati, ua umefagiwa, nguo za mtoto zimeanikwa. Nikapiga hodi. Alitoka yeye mwenyewe, kajifunga saruni, amenenepa. Kile kitambi alichokuwa akikifanyia mzaha sasa alikuwa nacho kweli.

"Mwaziza," akasema. "Nani amekuleta?"

"Miguu yangu."

Mkewe akatokea nyuma yake, msichana mdogo, mtoto mgongoni. Hakunijua. Akanikaribisha, "Karibu, dada," akaniletea maji ya kunywa. Niliyapokea. Yeye hakuwa na kosa nami.

Nikamwuliza Saide swali moja. "Abudo nani alimtaja?"

Akaangalia chini. Akasema hakufika hata Pundanhar yenyewe. Wenzake waliompokea walishambuliwa njiani, yeye akakamatwa, akapigwa usiku kucha. "Walitaka jina," akasema. "Mtu mmoja wa kwetu. Nikawapa moja."

"Kwa nini la kaka yangu?"

"La kwako nisingeweza, Mwaziza. Niliwaambia wewe hujui kitu. Ndiyo maana walikuita mara moja tu."

Hapo ndipo nilipokielewa kile kicheko cha polisi. Nilipiga magoti kwenye kokoto kumficha mtu wanayemlisha wao.

"Na mbona hukurudi kwangu, hata kwa siri?"

"Ningekutazama vipi?"

Je, ningemwambia nini? Kwamba ni mwongo? Huenda hakuwa mwongo. Huenda kweli aliniokoa kwa kumtoa kaka yangu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba uhai wangu huu mrefu nilinunuliwa, na sikuulizwa kama naukubali.

Nikaweka kikombe chini. "Nipe talaka yangu, Saide. Nina lori la kuwahi."

Akaitamka palepale mlangoni, mkewe anasikia, Anchia anasikia. Nikaondoka. Sikulia mpaka lori lilipolipita daraja.

Kijijini nilimweleza mama kila kitu. Nilijua inavyouma kufichwa, nami sikutaka kumfanyia hivyo. Mama alikuwa na desturi ya kuwaombea Abudo na Saide pamoja baada ya kila sala. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Basi leo nitaomba dua fupi." Tangu siku ile chakula hakikumpita vizuri, akawa anapungua, na hakufika kuiona bendera mpya ya uhuru.

Nilidhani nimeshapoteza vyote vya kupotea. Kumbe bado.

Wiki haikupita, dereva wa lori akaleta habari kwamba Selemane amechukuliwa na lile jumba limefungwa kwa kufuli. Nani aliyepeleka habari ya mchezo ule? Saide, au mmoja wa waliokuwa wanacheka kwenye mabenchi? Sikupata kujua.

Nilipopewa tena ruhusa nilikwenda moja kwa moja kwa Anchia. Nilibeba unga na korosho. Nikabisha hodi. Alisogea mpaka nyuma ya mlango, nilimsikia anapumua, lakini hakufungua.

"Rudi kwenu, Mwaziza," akasema. "Ulitaka kujua, umejua. Mimi nimebaki na cherehani."

Niliacha unga mlangoni. Siku ile nzima nilikaa sokoni peke yangu nikingoja lori, katika mji ambao nilikuwa naushukia kama bibi harusi. Sikununua hata kitumbua.

Vita vikaisha. Saide aliondoka na Wareno, yeye na mkewe na mtoto. Wengine wanasema yuko Nampula, wengine wanasema alipanda meli. Sikumtafuta.

Wafungwa wakaanza kurudishwa kutoka magereza ya kusini. Ikatangazwa kwamba lori lao litafika Mocímboa, na mji mzima ukatoka. Nami nilikwenda. Nilikwenda kumngoja Abudo, ingawa nilishaambiwa amekufa. Mtu ambaye hukumwona akizikwa utaachaje kumngoja? Katika ule umati nikamwona Anchia, amevaa kanga mpya, amejipaka wanja.

Walishuka mmoja mmoja, wamekonda, watu wanapiga vigelegele. Sisi wawili tukawa tunasogezwa mbele na umati mpaka tukajikuta bega kwa bega. Akashuka wa mwisho, mzee asiyejulikana na mtu. Anchia alichungulia ndani ya lori, akachungulia tena. Kisha akanishika mkono. Hakuniangalia. Alinishika hivyo mpaka dereva alipofunga ubao wa nyuma. Halafu akaniachia, akaenda kwake. Hatukusemezana tena mpaka alipofariki, na ni yeye ninayemkumbuka Jumapili, si Saide.

Wadogo zangu, wanangu, nawaomba jambo moja. Rafiki yako akikuzungusha njia ndefu kila siku, simama katikati ya njia umwulize kwa nini. Mwulize ukiwa naye peke yake, mapema, kabla wengine hawajajifunza kukucheka. Na wewe unayejua jambo la mwenzio, mwite pembeni umwambie leo, hata kama mdomo unatetemeka. Sisi tulioneana huruma mpaka ukweli ukaja kwa kuchelewa, na aliyeulipia ni fundi cherehani ambaye hakuwa na deni na mtu.