Pumzi Ndani ya Karasha

Ufunguo wa pili ulipotoka sawasawa na wa kwanza, tarakimu kwa tarakimu, Scolastika alidhani kompyuta imeharibika. Alikuwa fundi wa kompyuta katika mji wa Katoro, akiwatengenezea wanunuzi wa dhahabu njia ya kutumiana ujumbe ambao majambazi wasingeweza kuusoma. Ufunguo wa kuficha ujumbe kama huo sharti uzaliwe na kitu ambacho hakuna awezaye kukibashiri, naye hakuona vurugu ya kuushinda mlio wa karasha, ile mashine ya kusagia mawe alikofanya kazi mdogo wake, Ngusa. Basi akafunga kinasa sauti pale, waya ukaja hadi kibandani kwake, na kompyuta ikawa inaugeuza mlio ule kuwa tarakimu za ufunguo.

Mlio wa mawe haujirudii. Huu ulijirudia.

Akavaa spika za masikioni. Ndani ya ule mshindo mlikuwa na pumzi. Ilivutwa, ikatolewa. Harufu ya damu iliyovunda ikajaa kibanda mchana kweupe, na sauti nzito ikamnong'oneza: "Ulitafuta asichokijua mtu. Ninacho. Nipe Ngusa."

Alitoka mbio, akamkuta Ngusa kasimama mbele ya karasha, macho yamegeuka meupe, nyundo mkononi, na mwenzake Bartholomeo akitambaa vumbini, taya limevunjika, anakusanya meno yake kiganjani, huku injini ya dizeli, ambayo mpira wake wa mafuta ulishakatwa, ikizidi kunguruma kana kwamba inanyweshwa na kitu kingine.

"Ngusa," alisema kwa sauti ya chini. "Ni mimi, dada yako."

Nyundo ilipita karibu na sikio la Scolastika, ikapasua nguzo.

Watu wakamwita Bi Mwamvua, aliyewatibu wachimbaji wengi waliopandwa na majini. Alikuja na chetezo kinafuka ubani. "Mshikeni!" Wanaume wakamrukia Ngusa, mmoja akatupwa, mbavu zikalia. Bi Mwamvua akamsogezea moshi puani, akamsomea Ayatul Kursi.

"Toka!"

"Sitoki mikono mitupu."

"Damu hupewi!"

Ngusa akacheka kicheko kisicho chake, akawaponyoka wote, akausokomeza mkono wake ndani ya karasha mpaka kwenye kiwiko. Mfupa ulilia kama ukuni mkavu. Injini ikazimika papo hapo, na yeye akaanguka, mkono umekatikia kiwikoni, akaanza kulia kwa sauti yake mwenyewe.

Scolastika alivua kanga, akaikaza kwenye mkono wa Ngusa, juu ya jeraha.

"Dada, nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu, mdogo wangu. Tulia."

Ngusa alipokwisha kupelekwa hospitali, akiwa hai, wanaume walifungua karasha wautoe mkono wakauzike. Hawakuona ngozi, wala ukucha, wala tone la damu. Kulikuwa na vumbi la mawe tu, jeupe, kavu kabisa.

Bi Mwamvua alichungulia, akarudi nyuma taratibu.

"Fungeni," alinong'ona. "Limekula. Sasa limeijua ladha yetu."